Mashimo nyeusi ya mbinguni: namna rayoni X inayakamata yakiwaka

Wachimbaji tunajua mashimo. Lakini kuko mashimo ingine, mbali sana juu ya vichwa vyetu, ambayo kitu kikiingia hakitoki tena. Wataalamu wanayachunguza kwa mwangaza ileile inayopiga picha ya mapafu yetu ku lopitali, na ileile inayosoma teneur ya madini yetu ku depo. Njo maana sisi wa sindika tumeona vizuri kuleta habari hii mu ukurasa wetu. Wenye watoto ku masomo, muwasomee nao.

Miaka 26 ya kunyamaza

Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2015, satelite ya Marekani yenye jina Swift ilikamata rayoni X nyingi kutoka fasi moja ya mbingu ambayo ilikuwa imenyamaza miaka 26. Fasi hiyo inaitwa V404 Cygni. Siku ileile habari ilitumwa kwa wataalamu wa dunia nzima, na kila mwenye chombo akakigeuza kuangalia kule.

Satelite ya Ulaya, Integral, iliona V404 ikipanda mpaka mara 50 ya Crab. Crab ni wingu la mabaki ya nyota iliyopasuka zamani. Mwangaza wake wa rayoni X haubadilike sana, basi wataalamu wanaitumia sawa vile mama wa soko anatumia jiwe la kilo: wakitaka kusema kitu kinawaka namna gani, wanasema ni Crab ngapi. Mushike neno hili la jiwe la kilo, tutarudia kwake.

V404 haikuwaka kwa utulivu. Iliwaka, ikashuka, ikapanda tena kwa dakika chache. Kisha wiki mbili hivi ikaanza kuzimika. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule ikaamka tena kidogo, halafu ikalala.

Nini iko pale?

Pale kuko vitu viwili vinavyozungukana kwa siku 6 na nusu. Kimoja ni nyota ya kawaida, uzito wake haufikie hata jua letu. Kingine ni shimo nyeusi yenye uzito wa jua 9 hivi.

Shimo nyeusi ya namna hii ni mabaki ya nyota kubwa sana. Nyota inaishi kwa moto wa ndani unaosukuma nje, wakati uzito wake unavuta ndani. Siku moto unaisha, hakuna tena kitu cha kushika paa. Kila mwenye alifanya kazi chini ya udongo anajua paa bila miti ya kushikilia inafanya nini. Lakini kwetu udongo ukiporomoka unafika chini na unasimama. Kwa nyota ile hakuna chini. Inaporomoka mpaka uzito wote unajifunga fasi ndogo, na hata mwangaza haiwezi kutoka.

Ndogo namna gani? Kwa shimo ya uzito wa jua 9, kutoka katikati mpaka ku mupaka wake ni kilometri 27 hivi. Ni sawa kutoka Lubumbashi na kukaribia Kipushi. Mu fasi hiyo iko uzito wa jua 9!

Mwangaza inatoka wapi basi?

Msomaji atauliza: kama mwangaza haitoki mu shimo, satelite iliona nini? Swali ni nzuri. Iliona gazi mbele haijaingia.

Angalieni benne iliyojaa madini inateremka mu karieri. Dereva anashika breki mpaka chini. Mukigusa breki kisha pale, mutaungua. Moto ule haukutoka ku mazuti, ulitoka ku kuanguka kwenyewe: mzigo uliokuwa juu umeshuka, na nguvu ya kushuka imekuwa moto. Kwa shimo nyeusi ni vilevile, lakini muteremko ni mkali sana. Gazi inayotoka ku nyota haianguki moja kwa moja. Inazunguka shimo sawa maji kwenye tundu la beseni, na inafanya sahani pana. Gazi ya ndani inakimbia kupita ya inje, inasuguana nayo, inapata moto mpaka karibu digri milioni 10. Kitu chenye moto wa namna ile hakiwaki nyekundu sawa chuma cha fundi. Kinawaka rayoni X.

Juu ya nini inanyamaza, kisha inawaka?

Hapa njo fasi tamu ya habari, na wenye walifanya kazi ku tremi watafahamu mbele ya wengine. Tremi ni ile bomba la mwamba ambamo madini inateremshwa kutoka nivo ya juu mpaka ku mabehewa ya chini. Kuko siku inaziba. Juu watu wanaendelea kumwaga, chini hakuna kitu kinatoka. Mtu asiyejua atasema kazi imesimama. Mwenye kujua anakaa mbali, juu anajua mzigo unajaa, na siku unafunguka utashuka wote mara moja.

Sahani ya gazi inafanya hivyo. Wakati ni baridi, gazi yake haisuguane vizuri, basi haiteremki. Inajikusanya tu. Nyota inaendelea kumwaga, mwaka kwa mwaka, na satelite haioni kitu. Lakini kadiri sahani inajaa, inapata moto kidogokidogo. Ikifika karibu digri elfu 10, idrojeni inaanza kupasuka, vipande vyake vya umeme vinaachana. Gazi iliyopasuka hivyo inasuguana sana. Kusuguana kunaleta moto ingine, moto unashika fasi ya jirani, na kwa siku chache sahani nzima imeamka. Mzigo wa miaka mingi unateremka ku shimo kwa wiki au miezi. Ikiisha, sahani inapoa, na kujaa kunaanza upya.

Kwa hiyo musifikiri ni sawa kulipua dinamiti. Hakuna kitu kimevunjika. Nyota inabaki, shimo inabaki, na siku moja tutasikia V404 tena.

Dalili ya kwanza haikuja kwa rayoni X

Tarehe 6 mwezi wa 3 mwaka 2018, darubini za mradi ASAS-SN, ambazo kila usiku zinapiga picha ya mbingu kwa mwangaza ya kawaida, ziliona nukta mpya. Tarehe 11, siku 5 kisha, chombo cha Japani chenye jina MAXI, ambacho kimefungwa ku kituo cha kimataifa cha anga, kikaona rayoni X fasi ileile. Kitu hicho kinaitwa leo MAXI J1820+070. Ni shimo nyeusi ingine na nyota yake, mbali ya miaka ya mwangaza elfu 10 hivi.

Siku 5 zile zinasema kitu. Moto ulishika kwanza inje ya sahani, fasi ya baridi, na fasi hiyo inatoa mwangaza ya kawaida. Rayoni X inakuja gazi ikifika ndani. Mwenye kuangalia fasi moja tu angechelewa.

Chombo kingine ku kituo kilekile, NICER, kilifuata J1820 kwa miezi. NICER inahesabu kila punje ya rayoni X na saa yake ya kufika, kwa usawa unaopita kipande kimoja cha milioni cha sekonde. Karibu na shimo kuko wingu la moto sana ambalo wataalamu wanaita korona (haina mambo na ule ugonjwa). Rayoni X ya korona ingine inakuja moja kwa moja kwetu, ingine inagonga sahani kwanza, kisha inarudi, basi inachelewa kidogo. Ni mwangwi. Wazee wa chini ya udongo wanagonga paa na barre, wanasikia sauti, wanajua kama mwamba umeachana. Erin Kara na wenzake walisikiliza mwangwi wa J1820, na mwaka 2019 walitangaza kwamba kwa mwezi mmoja na kidogo korona ilijikunja kutoka kilometri 160 hivi mpaka 16 hivi, wakati ncha ya ndani ya sahani ilibaki karibu fasi yake. Kitu hakuna mtu ataona kwa macho, wamekipima kwa kuchelewa kwa mwangwi.

Na Afrika ilikuwa pale. MeerKAT, antena 64 za Karoo ku Afrika ya Kusini, pamoja na vyombo vya inchi zingine, zilifuata kwa miezi vipande vya gazi ambavyo J1820 ilitupa inje pande mbili kwa mbio karibu ya mwangaza.

Uhuru, jina la Kiswahili mbinguni

Hewa ya dunia inazuia rayoni X ya mbingu. Ni heri kwetu, bila hivyo hatungeishi. Lakini mwenye kutaka kuiona anapaswa kupanda juu ya hewa. Mwanzo watu walituma roketi za dakika chache tu. Mwaka 1962 kundi la Riccardo Giacconi lilipata kitu cha kwanza cha mbali kinachowaka rayoni X, na mwaka 1964 roketi ingine ikaona Cygnus X-1.

Satelite ya kwanza kabisa ya kazi hii ilirushwa kutoka Afrika, mu bahari ya Hindi karibu na Malindi, inchi ya Kenya, juu ya jukwaa la Waitalia lenye jina San Marco. Walichagua pale juu ni karibu na ekweta: satelite inayozunguka juu ya ekweta inaepuka fasi za mionzi zinazosumbua vipimo. Ilikuwa tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, siku Wakenya wanakumbuka uhuru wao. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo ku NASA, akaipa jina Uhuru. Satelite hiyo ya kilo 140 hivi iliacha orodha ya vitu 339 vya rayoni X. Giacconi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru njo ilionyesha Cygnus X-1 ikicheza-cheza mbio, chini ya sekonde moja. Kitu kinachobadilika mbio hivi hakiwezi kuwa kikubwa. Kisha Louise Webster na Paul Murdin ku Uingereza, na Tom Bolton ku Kanada, kila upande na chombo chake, waliona nyota moja kubwa pale inazunguka kitu kisichoonekana kwa siku 5,6, na kitu hicho kilikuwa kizito kupita nyota ya kawaida iliyokufa. Vikundi viwili, jibu moja. Sisi tunaita ile contre-analyse.

Kutoka jukwaa lilelile, mwaka 1974, Waingereza walirusha Ariel 5. Mwaka 1975, mwezi wa 8, Ariel 5 iliona A0620-00 ikiwaka kupita vitu vyote vya rayoni X vilivyo inje ya fasi ya jua letu. Wakafungua picha za zamani za vioo ambazo chuo cha Harvard kilitunza. Wakaikuta: ilikuwa imewaka mwaka 1917. V404 nayo, Wajapani waliiona kwa satelite Ginga mwaka 1989, na kumbe picha za 1938 zilikuwa zimeishika. Wale waliopiga picha za 1917 na 1938 hawakujua walikamata nini. Waliandika tarehe, wakatunza.

Kisha V404 kulala, Jorge Casares, Phil Charles na Tim Naylor walipima mbio ya nyota yake. Mwaka 1992 wakatangaza: kitu kisichoonekana kina uzito wa jua 6 kwa uchache. Juu ya jua 3 hivi, hakuna nyota iliyokufa inaweza kusimama bila kuporomoka. Rayoni X ilipiga kengele, lakini kipimo cha uzito njo kilimaliza mabishano.

Mashini ya ku depo na chuma cha mbinguni

Sasa turudi chini. Ile bastola ya kupima teneur inatuma rayoni X ku madini. Kila aina ya chuma inajibu kwa rayoni X yake yenyewe, sawa kila mtu na sauti yake. Chuma cha kawaida kinajibu kwa kilo-elektronivolti 6,4. Kobalti kwa 6,9. Shaba kwa 8. Mashini inasikia sauti, inahesabu nguvu yake, inaandika asilimia.

Wataalamu wa mashimo nyeusi wanafanya vilevile. Korona inapiga sahani kwa rayoni X, chuma kilicho mu gazi kinajibu kwa 6,4. Lakini jibu linafika limevutwa na kupanuka, juu gazi inakimbia sana, na juu uzito wa shimo unachosha mwangaza inayopanda. Kwa namna jibu limeharibika, wanasoma sahani inafika karibu namna gani, na shimo yenyewe inazunguka namna gani.

Ni fizika moja. Mbona kule watu wanaamini kipimo, na huku kila siku ni ugomvi? Sisi hatusemi mashini ni mwongo. Tunasema masharti yake hayafuatwe. Rayoni X ya bastola inasoma ngozi ya juu tu ya madini, haingie ndani. Madini yenye maji inatoa jibu dogo. Jiwe moja lina upande tajiri na upande maskini. Na mashini isiyopimwa kwanza ku kitu chenye teneur inayojulikana inaweza kupotea njia.

Ku depo moja ambayo hatutaitaja tuliona skrini imegeuzwa ku upande wa mununuzi peke yake. Creuseur anasikia nambari tu, anapokea franga, anaenda. Ile si kipimo, ni neno la mtu.

Njo maana sisi tunaomba mambo matatu, na hakuna moja linaloshinda uwezo wa mwenye depo.

La kwanza, jiwe la kilo. Sawa wao wana Crab, kila depo iwe na kipande cha madini chenye teneur iliyopimwa ku laboratwari, wazi mbele ya watu, na mashini ipime kile kwanza kila asubuhi.

La pili, madini ikaushwe, isagwe, ichanganywe, ipimwe mara tatu, na muuzaji aone skrini. Akikataa nambari, awe na haki ya mashini ingine. Vipimo vya MAXI viko wazi kwa dunia nzima, mtu yeyote anaweza kuvisoma na kuvibisha. Kama nambari za shimo nyeusi hazifichwe, teneur ya gunia itafichwa juu ya nini?

La tatu ni mapafu. Vumbi la mwamba linakaa ndani ya kifua miaka 10 au kupita bila kusema kitu, sawa ile sahani baridi. Siku ugonjwa unaonekana, munganga anataka picha ya zamani ili alinganishe. Wengi wetu tumefika na mikono mitupu, juu kampuni ilisema faili imepotea. Bila picha ya kwanza, nani atakubali kwamba ugonjwa ulitoka ku kazi?

Wandugu wafanyakazi, kila mukipigwa radio ya kifua, muombe kopi. Muandike nyuma tarehe, jina, na kazi mulikuwa munafanya. Bamama, muitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, fasi kavu, bila kuikunja. Wenye hawana, wapite ku permanence ya sindika, tutawasaidia kuandika barua ya kuomba faili.

Na kwa watoto: mwezi wa 8 na wa 9, saa tatu za usiku, kama moshi wa porini haujafunika mbingu, muangalie upande wa kaskazini. Nyota za Cygnus zinafanya alama sawa musalaba mkubwa. V404 na Cygnus X-1 ziko kule. Kwa macho hamutaziona. Mwangaza ile Swift ilikamata mwaka 2015 ilikuwa imesafiri miaka 7 800 hivi. Ilianza safari mbele kabisa ya wazee wetu kuyeyusha misalaba ya kwanza ya shaba ya Katanga, na ikafika siku kulikuwa mtu tayari kuipima na kuandika tarehe.